Kabla ya kulipia "kipimo cha ubongo": jibu kwa mama wa Arua

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, nami nalifupisha. Mwanawe wa kiume ana miaka 7, yuko Praimari ya Pili. Nyumbani wanaongea Kiswahili na Kilugbara, shuleni anafundishwa kwa Kiingereza. Mwalimu analalamika kwamba mtoto hatulii, haandiki, akiitwa hageuki, na wakati wa mapumziko anacheza peke yake. Lakini basi la Kampala likipita anajua ni la kampuni gani kwa mlio wa injini kabla halijaonekana, na miji ya njiani, Nebbi, Pakwach, Karuma, anaitaja kwa mpangilio bila kuruka hata mmoja. Sasa shule imepata mtu kutoka Kampala ambaye hufanya "kipimo cha ubongo" kwa saa moja, anatoa IQ, yaani alama ya akili, na cheti, na mzazi analipa. Baba mtoto hataki: anasema hata yeye alikuwa hivyo utotoni. Mama amesoma kuhusu usonji (autism) na ADHD (hali ya kukosa umakini na kutotulia), na anayoyasoma yanamkumbusha mumewe kuliko hata mtoto. Anauliza: nilipe? Na mtu mzima wa miaka 38 naye hupimwa?

Dada yangu, usilipe kwanza. Mtoto ana haja ya kuangaliwa, hilo sina shaka nalo, na mwalimu aliyeyaona hayo katikati ya darasa lililojaa anastahili shukrani yako. Ila unachouziwa hapo hakitakupa jibu.

Tathmini ya kisaikolojia hufanywa ili kujibu swali kuhusu mtu fulani. Swali lako wewe ni hili: kwa nini mtoto mwenye kumbukumbu ya namna hii haandiki, haitikii jina lake wala hana rafiki, na tumsaidieje muhula ujao? IQ haigusi swali hilo. Na kama huyo bwana anakuja na mashine ya kumbandika mtoto nyaya kichwani, hiyo kwa kawaida ni EEG, ambayo husoma umeme wa ubongo na humsaidia daktari anayetafuta kifafa. Hadi leo hakuna picha ya ubongo, kipimo cha damu wala mashine inayoweza peke yake kutambua usonji au ADHD. Hali hizi zinatambuliwa kwa kumtazama mtu, kuongea naye, na kuuliza habari zake tangu akiwa tumboni. Kazi hiyo haimalizwi kwa saa moja.

Anza na masikio. Najua utasema mtoto anasikia basi likiwa bado mbali, nami nafurahi kusikia hivyo, lakini ngurumo ya injini ni sauti nzito, ilhali maneno tunayatofautisha kwa sauti nyembamba kama s, f na t. Mtoto anaweza kusikia lori vizuri kabisa na asipate tofauti ya "saa" na "taa". Darasani, mwalimu akiwa amegeukia ubao na watoto wenzake wakipiga kelele, mtoto huyo ataonekana mkaidi. Kwa hiyo omba kipimo halisi cha usikivu. Kupiga makofi nyuma ya kichwa chake hakutoshi. Mwambie daktari kama aliwahi kutokwa usaha masikioni, kama aliugua homa ya uti wa mgongo, au kama alidungwa sindano za gentamisini akiwa mchanga, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kuharibu usikivu. Macho nayo yapimwe siku hiyohiyo.

Halafu kuna kifafa kisichoangusha. Mtoto anakodoa macho sekunde chache, pengine kope zinapepesa, anakatiza sentensi, kisha anaendelea na alichokuwa akifanya na wala hajui kilichopita. Mwalimu anaandika "hana umakini". Mtazame nyumbani: aliyezama katika mawazo yake, ukimgusa bega hurudi, mwenye kifafa cha aina hii harudi mpaka zile sekunde zimalizike. Ukiona hivyo hata mara moja, hapo ndipo EEG ina maana, tena kwa agizo la daktari.

Na malaria, dada. Katika nchi yetu hakuna tathmini ya mtoto iliyokamilika bila kuuliza kama iliwahi kumpanda kichwani: alilazwa? alipata degedege? alipoteza fahamu kwa muda gani? Utafiti uliofanyika katika hospitali ya Mulago, Kampala, na kuchapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo, na miaka miwili baadaye takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika kumbukumbu, umakini au uwezo wa kujifunza. Wazazi wengi walidhani wamemaliza pale mtoto alipotoka wodini. Kama wako alilazwa akiwa na miaka 3 na kutotulia kukaanza baada ya hapo, hiyo ni habari tofauti kabisa na ya mtoto aliyekuwa hivyo tangu anatambaa. Uliza pia kama alilia mara tu alipozaliwa, kama alipata umanjano mkali wa macho na ngozi, na kama amepimwa siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi, maana ugonjwa huo unaweza kuziba mishipa midogo ya ubongo bila mtu kujua.

Hayo yakishaangaliwa ndipo zamu ya mwanasaikolojia inafika, na sehemu kubwa ya kazi yake ni maongezi na wewe. Mimi huanza kwa kuuliza mtoto alianza lini kuonyesha kitu kwa kidole. Simaanishi kuomba maziwa. Namaanisha kukuonyesha ndege angani kisha kukugeukia aone kama nawe umemwona. Nauliza aliitikia jina lake akiwa na umri gani, kama aliwahi kuongea maneno akayapoteza, anachezaje na watoto wa jirani, anafanya nini mvua ikipiga juu ya bati, kama anakubali maharage yaguse posho (ugali) kwenye sahani. Nauliza analala saa ngapi. Mtoto anayelala saa sita usiku kwa sababu chumba ni kimoja na televisheni inawaka, darasani anaweza kuwa nakala kamili ya mtoto mwenye ADHD.

Kisha mtoto mwenyewe anatazamwa, na hapa naomba tukae kidogo, kwa kuwa ndipo watoto wetu wanapoumizwa zaidi na vipimo vilivyotungwa kwingine.

Chukua kutazamana machoni. Katika kipimo maarufu cha usonji kiitwacho ADOS, kutomtazama mtu usoni ni moja ya alama zinazohesabiwa. Sasa mtoto aliyelelewa vizuri West Nile, eneo lenu, au Buganda anafundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, na binti wa Kiganda anapiga magoti kabisa. Mtathmini asiyelijua hilo atahesabu adabu kama dalili. Cha kuangalia ni kama mtoto anatazamana na watoto wenzake, na kama anakutafuta wewe kwa macho anapofurahi au anapoogopa. Kipimo hichohicho, kwa watoto wadogo, kina mchezo wa kuigiza sherehe ya siku ya kuzaliwa, na mwanasesere, keki na mishumaa. Mtoto ambaye hajaona keki ya mishumaa hajui aigize nini, na kimya chake kinaandikwa kuwa hana ubunifu katika kucheza. Mpe mwanao mchezo wa kupakia abiria kwenye basi uone.

Vipimo vya akili navyo vina mtego wao. Mwaka 1979 Robert Serpell alichapisha utafiti aliolinganisha watoto wa Lusaka, Zambia, na wa Manchester, Uingereza. Kazi ilikuwa kunakili maumbo. Kwa penseli na karatasi, watoto wa Manchester walishinda. Kwa waya, watoto wa Lusaka walishinda, kwa kuwa wao hutengeneza magari ya waya tangu wadogo, kama wanavyofanya wetu. Kwa udongo wa kufinyanga walilingana. Kama angetumia penseli peke yake, angeandika kwamba watoto wa Zambia wana upungufu. Na si vifaa tu, hata mwendo una lake: mwaka 1974 Mallory Wober aliandika kwamba wanakijiji wa Buganda walimwona mwenye akili kuwa mtu wa taratibu, asiyekurupuka. Mtoto aliyekulia katika mawazo hayo unampa kazi ya kushindana na saa, anaifanya polepole asikosee, na alama zinashuka.

Na lugha ndiyo kubwa kuliko zote. Mtaala wa madarasa ya chini ulioanza mwaka 2007 unataka Praimari ya Kwanza hadi ya Tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, lakini shule nyingi za mjini hukimbilia Kiingereza. Mwanao ana miaka 7 na lugha tatu. Akiulizwa maana ya neno la Kiingereza asijibu, tumejifunza kwamba hajui Kiingereza, basi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzao wa Marekani waliotumia kipimo cha akili cha Kaufman kwa watoto wa Kampala walitafsiri maelekezo kwa Kiluganda, na wakawalinganisha waliougua malaria ya ubongo na watoto wa mitaa yao hiyohiyo badala ya kutegemea majedwali ya Marekani. Muulize mtathmini yeyote maswali mawili: mwanangu utaongea naye kwa lugha gani, na alama zake utazilinganisha na za watoto wa wapi? Akikasirika, umeshapata jibu lako.

Sisemi vipimo vitupwe. Mimi mwenyewe navitumia kila wiki. Katika IQ wastani ni 100, na thuluthi mbili ya watu wako kati ya 85 na 115, lakini jumla hiyo kwa mtoto kama wako huficha mambo. Anaweza kuwa juu sana katika kukumbuka mfuatano na chini sana katika kuandika kwa kasi, na ukichanganya vyote unapata "wa kawaida", mtoto ambaye hayupo. Ninachotaka kuona ni mabonde na vilima vya alama zake: anakumbuka anachosikia au anachoona? anaelewa lakini mkono hauandiki? anasoma herufi lakini hazimgeukii kuwa neno? Hilo la mwisho linaweza kuwa disleksia, nayo inahitaji msaada wa kufundishwa kusoma kwa namna nyingine.

Kuhusu jina la hali yenyewe, ADHD haipewi mtoto kwa sababu ya lalamiko la mwalimu mmoja. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013, DSM-5, unataka dalili angalau 6 kati ya 9 za kukosa umakini, au 6 kati ya 9 za kutotulia, zilizodumu miezi 6, zilizoanza kabla ya miaka 12, na zinazoonekana katika zaidi ya sehemu moja. Akiwa kichwa ngumu shuleni tu na nyumbani na msikitini ametulia, tunaitazama shule kwanza. Usonji unahitaji mambo ya pande mbili: ugumu katika kuwasiliana na kuhusiana na watu, pamoja na mambo ya kujirudia, kushikilia ratiba, shauku nzito ya kitu kimoja au hisi zinazozidi. Mapenzi yake ya mabasi yanaingia upande huo wa pili. Lakini mabasi peke yake hayatoshi, kuna watoto wanaopenda mabasi tu. Zamani miongozo ilikataza kumpa mtu mmoja majina yote mawili. Tangu 2013 inaruhusiwa, na wengi wanayo yote mawili.

Utakutana pia na dodoso za kuchuja. Dkt. Angelina Kakooza-Mwesige wa Makerere na wenzake walichukua dodoso la zamani la maswali 10 la kutambua ulemavu kwa watoto, wakaliongezea maswali ya usonji hadi 23, na kuchapisha kazi yao mwaka 2014. Dodoso kama hilo, hata la mtandaoni, linakwambia kama uendelee kutafuta. Haliwezi kukwambia mtoto ana nini.

Ukimaliza, dai ripoti ya maandishi na kikao cha kuelezwa. Ripoti nzuri inasema alipimwa kwa lugha gani, siku hiyo alikuwa na hali gani, anaweza nini, anakwama wapi, na mwalimu afanye nini Jumatatu. Kurasa nane za namba zisizo na neno kwa mwalimu hazina faida kwako. Mengine hata usisubiri ripoti: akae mbele, mbali na dirisha la barabarani; apewe agizo moja, akilimaliza apewe la pili; ajibu baadhi ya maswali kwa mdomo; na hesabu zake ziwe za abiria na nauli. Asichapwe kwa kutotulia. Baadaye, ikifika mitihani ya taifa, UNEB, baraza la mitihani la Uganda, hutoa muda wa ziada kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, wenye disleksia wakiwemo, lakini shule lazima iombe mapema ikiwa na ushahidi, na hapo ndipo ripoti inakuwa na kazi. Na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inakataza kumbagua mwanafunzi kwa sababu ya ulemavu. Mwalimu mkuu akianza kukwambia umtafutie mtoto shule nyingine, mkumbushe kwa heshima.

Sasa shemeji yangu. Ndiyo, mtu mzima hupimwa, na maneno yake "hata mimi nilikuwa hivyo" ni habari muhimu kuliko anavyodhani. ADHD na usonji hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba takriban robo tatu ya tofauti kati ya watu katika dalili za ADHD inatokana na urithi. Si mara moja nimepokea mzazi aliyekuja na mtoto, na katikati ya maswali akanyamaza kwa kuwa alikuwa akijisikia mwenyewe.

Kwa ADHD ya mtu mzima mwongozo uleule wa DSM-5 unaomba dalili 5 badala ya 6, ila lazima zionekane zilianza kabla ya miaka 12. Ndiyo maana mtu wa miaka 38 hawezi kutathminiwa kwa kujaza fomu peke yake. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 18 kwa watu wazima, na 6 ya mwanzo ndiyo yenye uzito zaidi. Ni mlango wa kuingilia tu. Baada yake tunatafuta ripoti zake za shule kama zipo, na mtu aliyemlea. Tunauliza pia yanayofanana na ADHD: mairungi (miraa), pombe, usingizi, msongo wa mawazo, na yaliyomkuta. Familia nyingi za West Nile zilikimbilia Sudan na Kongo baada ya Idi Amin kupinduliwa mwaka 1979, na watoto wakakulia huko au njiani. Mtu aliyezoea hatari hushtuka haraka, halali vizuri, hakai kwenye jambo moja. Hayo yanaweza kuwa makovu ya woga, na tiba yake ni nyingine. Pia uliza anafaidika na nini akijua. Kama ameshapanga maisha yake na ana amani, hana haja ya jina. Kama anapoteza kazi na analaumiwa nyumbani kuwa mvivu, kujua kunaweza kumpunguzia mzigo wa miaka, na kuna mipango ya kila siku, na wakati mwingine dawa za daktari, zinazosaidia.

Usimwambie una ugonjwa. Mwambie mtaalamu anahitaji habari za utoto wake ili amwelewe mtoto, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Pa kuanzia ni palepale Arua, hospitali ya rufaa ya mkoa, ambako kuna kitengo cha afya ya akili. Huduma za kawaida katika hospitali za serikali hazilipiwi tangu 2001, isipokuwa wodi za binafsi. Wakikuona unahitaji zaidi, watakuandikia barua ya kwenda Mulago kwa daktari wa mishipa ya fahamu ya watoto, au hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili ya Butabika, ambako kuna huduma ya watoto na vijana. Afisa wa elimu wilayani naye aulizwe ni mwalimu gani aliyesomea elimu maalumu Chuo Kikuu cha Kyambogo yuko karibu. Wako wengi kuliko watu wanavyojua. Ukiamua kwenda kwa mwanasaikolojia wa binafsi, uliza alisomea wapi, atakutana na mtoto mara ngapi, na kama ataongea na mwalimu.

Kabla ya kwenda, tumia daftari kwa wiki mbili. Andika kilichotokea, usiandike tabia. "Ni mkorofi" hakunisaidii. "Jumanne, saa moja asubuhi, alilia nusu saa kwa sababu tulipita njia nyingine kwenda shule" kunanisaidia sana. Chukua video fupi akicheza peke yake na akicheza na wenzake. Beba kadi ya kliniki ya utotoni, karatasi za kulazwa, na madaftari ya shule hata yaliyo matupu. Mwombe mwalimu aandike ukurasa mmoja. Na kama mama mkwe yuko hai na ana nguvu za safari, mchukue twende naye: kwa kikao kimoja tutapata habari za utoto wa watu wawili.